MAJI YA KUNYWA NA MIONZI: KINACHOTOLEWA MAJINI KINAKWENDA WAPI?



Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tulikaa Kinyinya na wenzetu wa viwandani, wa ujenzi na wa usafi. Walikuwapo pia wawili wa mashamba ya chai waliokuja kuwatembelea ndugu zao. Tulikuwa tumeitana kuzungumza habari za mishahara na bima. Tulipokaribia kumaliza, mama mmoja alisimama akasema amesikia kwamba maji ya visima virefu yanaweza kuwa na mionzi. Akauliza: "Sisi huku bomba likikatika tunachota popote. Je, nikiyachemsha yanatakata?"

Tulimjibu kwa kadiri tulivyojua. Wengine wakauliza yao, kila mtu juu ya maji ya kunywa. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Yeye anaishi Kinyinya lakini kazi yake iko mbali, kwenye kiwanda chenye kisima chake. Alisema: "Mimi ndiye ninayesafisha lile chujio la kisima. Kila mwaka nalifungua, naingia ndani, nakwangua, natoa mchanga mweusi. Nikiuliza uende wapi, naambiwa utupe bondeni. Mchanga huo una nini?"

Hapo tulinyamaza. Watu wote walikuwa wameuliza juu ya maji, naye peke yake aliuliza juu ya uchafu uliotoka kwenye maji. Tulimwahidi kwamba tutatafuta jibu na kuliandika hapa, ili na wengine walisome. Makala haya ndiyo ahadi yetu.

Kwanza tuseme jambo moja ili tusitiane hofu. Hatuandiki haya kwa kuwa maji ya Kinyinya yamekutwa na mionzi. Maji ya bomba ya Kigali, kwa sehemu kubwa, hutoka juu ya ardhi: mto Nyabarongo unalisha mitambo ya Nzove, mto Yanze unalisha mtambo wa Kimisagara, na ziwa Mugesera linalisha mtambo wa Karenge. Maji ya mto na ya ziwa kwa kawaida hubeba madini yenye mionzi kidogo tu. Maji yanayohitaji kuangaliwa zaidi ni ya visima virefu, yaliyokaa miaka mingi yakigusana na mwamba. Na visima vya namna hiyo ndivyo vinavyochimbwa na viwanda, mashamba makubwa na vijiji vilivyo mbali na bomba.

MIONZI INAINGIAJE MAJINI?

Ndani ya mawe mna madini ambayo chembe zake hazitulii. Zinavunjika moja moja, na kila chembe inapovunjika hutoa mionzi na kugeuka kuwa kitu kingine. Tufikirie ukoo. Babu wa ukoo ni urani. Urani huzaa wengine, na miongoni mwa vitukuu vyake yumo radiamu. Radiamu humzaa radoni, ambayo ni hewa isiyo na rangi wala harufu. Radoni nayo huzaa poloniamu na wenzake, mpaka ukoo wote unaishia kwenye risasi ya kawaida, ambayo haivunjiki tena. Thoriamu ni babu wa ukoo mwingine unaofanana na huo.

Kila mmoja katika ukoo ana muda wake wa kupungua nusu. Urani huchukua miaka kama bilioni 4.5 kupungua nusu. Radiamu ya ukoo huo huchukua miaka 1,600. Radoni huchukua siku zisizofika 4. Kwa hiyo kuna kinachoweza kusubiriwa kiishe chenyewe, na kuna kitakachowakuta wajukuu wa wajukuu wetu.

Mawe hayalingani. Mwamba wa matale huwa na urani zaidi kuliko mawe mengine mengi. Mawe ya fosfeti, kama ya Minjingu kaskazini mwa Tanzania, yanajulikana kubeba urani. Kilima cha Mrima katika pwani ya kusini ya Kenya kinajulikana kwa thoriamu. Hata koltani, ambayo vijana wetu wengi wanaichimba, hubeba urani na thoriamu kidogo ndani yake, na ndiyo maana shehena nyingi za koltani husafirishwa kwa masharti ya mizigo yenye mionzi. Maji yanapopita kwenye mawe ya namna hii huchukua kidogo kidogo, kama chai inavyochukua rangi ya majani.

Mionzi mingine imeletwa na mikono ya watu. Mwezi Machi 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima nchini Japani, iodini yenye mionzi ilionekana katika maji ya bomba ya mji wa Tokyo, na wazazi wakaambiwa wasiwape watoto wachanga maji hayo. Iodini ile hupungua nusu kwa siku 8. Wakuu wa mji waligawa maji ya chupa kwa watoto, wakapima kila siku, na baada ya muda mfupi kiwango kikashuka. Lakini anayekunywa maji yenye radiamu hawezi kuambiwa asubiri.

INADHURU NAMNA GANI?

Mionzi inayotoka kwa urani na radiamu kwa sehemu kubwa ni ya namna iitwayo alfa. Nje ya mwili haina nguvu ya kupenya. Karatasi tu huizuia. Shida inaanza ikimezwa au ikivutwa kwa pumzi, kwa sababu hapo iko ndani, karibu kabisa na nyama na mifupa. Urani huumiza figo, tena huziumiza kwa sumu yake kama madini kabla hata ya habari ya mionzi. Radiamu huingia mifupani, kwa sababu mwili huidhania ni chokaa ya mifupa. Radoni huingia mapafuni.

Habari ya radiamu na mifupa dunia ilifundishwa na wafanyakazi. Huko Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana wa viwandani waliajiriwa kupaka nyuso za saa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Kila mchongo, walimeza kidogo. Baada ya miaka taya zao zilioza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Katika jimbo la New Jersey watano kati yao walishtaki kampuni, na mwaka 1928 kesi ikamalizwa kwa kulipwa fidia. Mwaka 1941 Marekani iliweka kikomo cha radiamu mwilini mwa mfanyakazi, na kikomo hicho kilitokana na miili ya wanawake wale.

Na sisi tuna yetu hapa jirani. Mgodi wa Shinkolobwe, katika Katanga nchini Kongo, ulichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu kuanzia mwaka 1921. Baadaye urani yake ikatumika katika bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Jina la mgodi linajulikana duniani. Majina ya wachimbaji wake Waafrika hayajulikani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini watu maskini waliendelea kuingia kutafuta kobalti. Mwezi Januari 2004 serikali ilipiga marufuku, na mwezi Julai mwaka huo huo sehemu ikaporomoka na watu 8 wakafa. Mambo haya hayakupita zamani sana.

NI KIASI GANI NI KINGI?

Mionzi iko kila mahali. Mtu wa kawaida duniani hupata kwa mwaka wastani wa milisiveti 2.4 kutoka kwenye ardhi, hewa, anga na chakula. Kwa hiyo swali la maana kuhusu maji ni kiasi cha mionzi iliyomo. Mionzi huhesabiwa kwa bekereli. Bekereli 1 ni chembe 1 kuvunjika kila sekunde.

Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasimwongezee mtu zaidi ya milisiveti 0.1 kwa mwaka. Ili kurahisisha kazi, linashauri kupima kwanza jumla mbili: alfa isizidi bekereli 0.5 kwa lita, na beta isizidi bekereli 1 kwa lita. Maji yakiwa chini ya hapo, basi. Yakizidi, haina maana kwamba watu watakufa kesho. Maana yake ni kwamba yapimwe tena, kitu kimoja kimoja. Kwa radiamu ya ukoo wa urani, mwongozo ni bekereli 1 kwa lita. Kwa radiamu ya ukoo wa thoriamu, ni 0.1. Kwa urani, kwa sababu ya figo, ni mikrogramu 30 kwa lita.

Macho hayaoni mionzi, ulimi hauionji, pua hainusi. Mtu asikudanganye kwamba maji meupe ni salama, wala asikutishe kwamba maji mekundu yana mionzi. Wekundu mara nyingi ni kutu ya chuma tu. Anayejua ni aliyepima katika maabara, naye anapaswa kukuonyesha karatasi.

JE, KUCHEMSHA KUNASAIDIA?

Sasa tumjibu mama yetu wa Kinyinya. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Kunafukuza pia sehemu kubwa ya radoni, kwa kuwa ni hewa. Lakini hakuondoi urani wala radiamu. Hayo ni madini, kama chumvi. Ukichemsha supu ikapungua, chumvi inazidi kukolea. Ukiinjika lita 10 za maji zikabaki 9, urani yote ya lita 10 sasa imo ndani ya lita 9.

Dawa ya klorini nayo ni kwa vijidudu tu. Vidonge vya kusafisha maji ni vivyo hivyo. Chujio la kitambaa halizuii kitu kilichoyeyuka.

Lakini asitokee mtu akasema, "chama kimesema kuchemsha hakufai." La! Kuhara kunaua mtoto wiki hii. Madini haya huumiza polepole, kwa miaka. Anayechota bondeni aendelee kuchemsha au kutia dawa. Habari ya mionzi ni ya wenye kisima kuishughulikia kwenye chanzo, kabla maji hayajafika kwenye jerikani lako.

NJIA ZA KUYATOA

Njia ya kwanza ni kuacha chanzo kibaya. Mji wa Waukesha, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, ulisumbuliwa kwa miaka mingi na radiamu katika visima vyake virefu. Mwezi Oktoba 2023 uliacha visima hivyo na kuanza kuletewa maji ya ziwa Michigan.

Njia ya pili ni kuchanganya. Nchi ya Yordani ilikuta radiamu katika maji ya kale yaliyo chini ya jangwa la Disi. Maji hayo yalianza kupelekwa mji mkuu, Amman, mwaka 2013, na huchanganywa na maji ya vyanzo vingine ili kila lita iwe na radiamu kidogo. Njia hii inafaa palipo na maji mengine masafi ya kutosha.

Njia ya tatu ni kupitisha hewa. Maji yakirushwa kama mvua, au yakipulizwa hewa ndani ya tangi, radoni hutoka. Lakini itoke nje juu ya paa, isibaki ndani ya chumba cha pampu anamokaa mfanyakazi.

Njia ya nne ni kugandisha na kutuliza. Shabu au chumvi ya chuma hutiwa ndani ya maji, uchafu ukashikana na kuzama, na urani nyingi ikazama nao. Chokaa ikitiwa kwa wingi huweza kuzamisha radiamu pamoja na ugumu wa maji. Kinachobaki chini ya tangi ni tope.

Njia ya tano ni chembe za resini. Ni punje ndogo za plastiki zinazobadilishana na maji: zinachukua radiamu au urani, zinatoa chumvi. Resini ya radiamu siyo ya urani, kwa hiyo lazima mtu apime kwanza ajue adui wake.

Njia ya sita ni chujio la utando. Maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba sana. Maji yanapita, karibu madini yote yanabaki. Linafanya kazi vizuri, lakini linakula umeme, na sehemu ya maji hutoka upande mwingine yakiwa yamekolea uchafu wote.

Njia ya saba ni manganizi. Madini haya meusi hushika radiamu kwa nguvu. Hutiwa majini kwa makusudi kisha huchujwa, au hupakwa kwenye mchanga wa chujio.

Hapa tusimame kidogo. Visima vingi vina chuma na manganizi vya asili, na wenye viwanda hufunga machujio ya mchanga ili maji yasitie madoa nguo au kuziba mashine. Chujio hilo halikuwekwa kwa ajili ya mionzi. Lakini ule mchanga, ukishavaa koti jeusi la manganizi na kutu, hushika radiamu yoyote inayopita, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kujua. Huo ndio mchanga wa mzee wetu. Wa kwake haujapimwa, na yawezekana kabisa hauna kitu. Lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko maswali yetu yote.

HESABU YA CHUJIO

Madini yenye mionzi hayachomwi yakaisha, wala hayauawi kwa dawa. Yakitoka majini, yamehamia mahali pengine. Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme kisima kina radiamu bekereli 0.5 katika kila lita. Hii ni nusu ya kiwango cha mwongozo, kwa hiyo maji haya yanaruhusiwa kunywewa. Tuseme chujio linasafisha lita 100,000 kwa siku, na katika kila lita linashika bekereli 0.4.

Kwa siku moja chujio limeshika bekereli 40,000.
Kwa siku 300 za kazi limeshika bekereli 12,000,000.
Kama ndani mna kilo 500 za resini, basi kila kilo ina bekereli 24,000.
Hiyo ni bekereli 24 kwa kila gramu.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linasema vitu vyenye madini haya ya asili vikizidi bekereli 1 kwa gramu viangaliwe kwa sheria. Resini yetu ya mfano imezidi mara 24. Maji ya kunywa yamo ndani ya kiwango kabla hayajachujwa. Karatasi ya maabara ya maji inasema salama, na kila mtu anafurahi. Hakuna aliyepima kilichomo tumboni mwa chujio. Atakayeingia humo na koleo ni kibarua, tena mara nyingi kibarua wa siku, asiye na mkataba na asiyeambiwa kitu.

Waswahili husema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kiwanda kikiamua kutoa uchafu kwenye maji, kimeamua pia kuutunza uchafu huo. Kisimalize nusu ya kazi halafu nusu iliyobaki kikamwachia mfanyakazi na bonde.

KUMLINDA ANAYESAFISHA

Kazi ya kufungua chujio inaweza kufanywa kwa usalama, na gharama yake si kubwa. Hivi ndivyo inavyotakiwa:

1. Mchanga, resini au tope lipimwe kabla ya mtu kuingia. Kuna mashine ya mkononi ya kupima mionzi, na kuna maabara ya kupima sampuli.

2. Chumba kipitishwe hewa kwanza. Radiamu iliyokaa ndani ya chujio hutoa radoni bila kukoma, na chumba kilichofungwa hujaa.

3. Uchafu ufanyiwe kazi ukiwa na maji. Ukikauka huwa vumbi, na vumbi huvutwa. Usifagiwe mkavu.

4. Mfanyakazi apewe glavu, barakoa ya vumbi iliyo imara, buti na nguo za kazi zinazobaki kazini. Asizipeleke nyumbani zikafuliwe na mke na watoto.

5. Asile, asinywe, asivute sigara mahali pale. Anawe mikono na uso kabla ya kugusa chakula. Tukumbuke wasichana wa brashi.

6. Muda uwe mfupi na watu wapokezane. Kikomo kwa mfanyakazi anayejulikana kuwa wa kazi ya mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1. Mama mjamzito apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

7. Uchafu uliozidi kiwango utiwe kwenye mapipa yanayofungwa, yaandikwe kilichomo na tarehe, yawekwe chini ya paa mahali palipofungwa, mpaka mamlaka iseme yaende wapi. Usitupwe bondeni ambako watu wanalima dodo na kuchota maji. Usipelekwe mashambani kama mbolea. Usichanganywe na udongo wa matofali. Maji ya kuoshea chujio nayo yasimwagwe ovyo.

Wenzetu wa mashamba, hilo la mbolea linawahusu. Tope la chokaa huonekana jeupe na zuri, na msimamizi anaweza kusema litawanywe shambani. Lipimwe kwanza.

SHERIA INASEMAJE?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 115 wa kuwakinga wafanyakazi na mionzi tangu mwaka 1960. Mwezi Juni 2022 shirika hilo lilihesabu mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kujiunga na chama.

Hapa Rwanda ilitungwa sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 2018, na usimamizi wake ulipewa RURA. WASAC, iliyoanza kazi mwaka 2014, ndiyo yenye maji ya bomba. RSB ndiyo yenye viwango, na maji ya kunywa yana kiwango kimoja cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo mwajiri hawezi kusema hajui pa kwenda, wala sisi hatuwezi kusema hatujui pa kuuliza.

TUDAI NINI?

Tunaomba kila tawi lenye kisima cha kiwanda au cha shamba lifanye mambo manne.

Kwanza, mjumbe wa tawi aandike barua kwa mwajiri, akiomba kuonyeshwa karatasi ya kipimo cha maji. Aangalie kama alfa na beta zimepimwa, maana mara nyingi hupimwa vijidudu na chuma tu. Kipimo kimoja kizuri mwanzoni ni bora kuliko fununu za miaka kumi.

Pili, aulize habari za chujio: ni la namna gani, lina umri gani, lilifunguliwa lini, na nani aliyelifungua. Kilichotoka kilikwenda wapi? Swali hili la mwisho lisiachwe kamwe.

Tatu, tuingize jambo hili katika makubaliano ya pamoja. Vipimo vya maji na vya machujio viandikwe humo, na gharama iwe ya mwajiri. Vifaa vya kujikinga visikatwe kwenye mshahara.

Nne, jina la kila mtu aliyewahi kusafisha chujio liandikwe kwenye daftari la tawi, hata kama alikuwa kibarua wa siku mbili. Ugonjwa wa mionzi unaweza kuchukua miaka ishirini kujitokeza, na daftari ndilo litakalosema kwamba mtu huyo alikuwapo. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuwa na daftari la namna hiyo.

Mwajiri akijibu kwamba kupima ni ghali, tumweleze kwa upole kwamba kipimo cha kwanza hufanywa kwa chupa ya maji na kifuko cha mchanga. Akijibu kwamba tunatia watu hofu, tumwambie hofu huondoka kwa karatasi ya maabara. Kama hakuna kitu, tutakuwa wa kwanza kuwatangazia wenzetu kwamba hakuna kitu.

Yule mzee tulikutana naye tena Kinyinya. Tulimsomea hesabu ya chujio. Akatuuliza tena pole pole: "Ishirini na nne kwa gramu, na maji yenyewe ni mazuri?" Tukamwambia ndiyo, inawezekana. Akakaa kimya, kisha akasema amelisafisha chujio lile mara tisa. Jina lake sasa ni la kwanza katika daftari la tawi lake, na barua ya kuomba mchanga upimwe imekwisha kupelekwa kwa mwajiri. Mwaka huu chujio halitafunguliwa mpaka jibu lije. Wenzake wote wa zamu wameweka sahihi zao chini ya yake.

Umoja ni nguvu.